Mpeni Shikamoo Huyo

Sauti ilitoka nyuma ya chumba, karibu na meza ya mandazi. Ilikuwa Aprili 2025, tumejazana kutazama Tanzania na Uganda katika Kombe la Mataifa ya Afrika la vijana wa chini ya miaka 17, lililokuwa likichezwa Morocco. Baadhi yetu tulikuwa tumeruka vipindi vya mchana, walimu wetu watusamehe. Mchezaji mmoja, mrefu, kifua kipana, aliutuliza mpira, akampiga chenga beki na kumwacha amekaa chini. Hatutasema alikuwa wa upande gani, maana kicheko kilichofuata kilikuwa cha pande zote mbili. "Mpeni shikamoo huyo!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Waganda ambao hawajazoea shikamoo walielezwa maana yake, nao wakacheka kwa kuchelewa. Mwingine akadakia kwamba huyo bwana ana watoto wawili na wa tatu yuko njiani.

Mwenzetu mmoja hakucheka. Alizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, baada ya wazazi wake kukimbia vita Kivu Kusini. Kitambulisho chake cha hapa Minnesota kinasema alizaliwa Januari 1. Cha dada yake kinasema Januari 1. Cha baba yake pia. Mechi ilipokwisha alisaidia kukusanya vikombe, kisha akasema taratibu, bila hasira: "Nyinyi mnamcheka yule, lakini mimi ndiye mnayemcheka."

Tulimwambia kwamba ulikuwa utani tu. Ndivyo watu husema siku zote. Tungependa kuandika kwamba maneno yake yalituingia siku ileile, lakini hayakutuingia. Yalituingia Julai, na tulipoelewa tulikuwa tumekwisha kufanya kosa ambalo hadi leo hatujaweza kulirekebisha.

Sisi tunaoandika haya ni watatu wa kamati ya bonanza. Kwa wanachama wapya: kila Julai chama chetu huandaa bonanza la mpira kwa watoto wa jamii za Afrika Mashariki wa Miji Pacha. Huja Wakenya wa Brooklyn Park, Wasomali wa Cedar-Riverside, Waoromo, Wakongo wa Saint Paul, Warundi, Watanzania wachache wenye kelele nyingi. Tunalifanya Julai kwa sababu zinazojulikana na kila aliyewahi kungoja basi mwezi wa Januari katika mji huu. (Februari 2022 Marekani waliileta Honduras hapa Saint Paul, Allianz Field, kucheza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia kwenye baridi ya nyuzi kama 16 chini ya sifuri. Sisi si Marekani, na hatuna haja ya kumgandisha mtu ili tumfunge.)

Katika nusu fainali ya watoto wa chini ya miaka 15, timu ya vijana wa Kikongo ilikuwa inaongoza. Wazazi wa upande wa pili walianza kulalamika kando ya uwanja. Kwanza manung'uniko, kisha kelele, na katika kelele zile tukasikia, kwa Kiswahili safi, maneno yetu wenyewe ya Aprili: mpeni shikamoo huyo. Tukasimamisha mchezo. Tukaomba vitambulisho. Wachezaji watatu wa timu ile walikuwa na tarehe moja, Januari 1, na mwaka mmoja. Tulitazamana. Tuliona karatasi zimepikwa. Tukaitoa timu, wapinzani wao wakaenda fainali. Kocha wao, mtu anayefanya kazi zamu ya usiku ghalani na aliyekuja uwanjani bila kulala, alikunja jezi moja moja akazitia kwenye mfuko, asitujibu neno.

Wiki mbili baadaye mmoja wetu alikutana na mwalimu anayewafundisha. Vijana wale watatu wanasoma darasa moja, na katika darasa hilo si wao peke yao waliozaliwa Januari 1. Tuliandika barua ya kuomba radhi mwezi Septemba. Haijajibiwa, na hatumlaumu mtu kwa hilo.

Sasa kuna pendekezo mezani, na ndilo lililotufanya tushike kalamu. Katika mkutano wa mwezi ujao chama kitaombwa kupitisha kanuni kwamba kila mchezaji wa bonanza alete cheti halisi cha kuzaliwa, na asiyenacho asicheze. Aliyelitoa ni rafiki yetu na nia yake ni njema: hataki tena aibu ya Julai. Sisi tunalipinga, na tunaomba wanachama walikatae.

Kwanza tukiri lililo wazi. Udanganyifu wa umri katika mpira wa vijana upo, ni wa siku nyingi, na si wa Afrika peke yake. Mexico ilifungiwa miaka miwili mwaka 1988 kwa kupeleka wachezaji waliozidi umri katika mechi za kufuzu michuano ya vijana ya dunia, na kwa adhabu hiyo timu yake ya wakubwa ikalikosa Kombe la Dunia la 1990. Nigeria nayo ilifungiwa mwaka 1989, tarehe za kuzaliwa za wachezaji wake zilipoonekana hazilingani kutoka mashindano moja hadi mengine. Mwaka 2019 Guinea ilifika fainali ya Afrika ya chini ya miaka 17, pale Dar es Salaam, kisha ikanyang'anywa tiketi ya Kombe la Dunia la Brazil. Wachezaji wake wawili walikuwa wamewahi kucheza Japan wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Senegal ikaenda badala yake.

Na sisi Watanzania wa chama hiki hatuna pa kujificha. Serengeti Boys walifuzu fainali za Gambia za mwaka 2005, wakaondolewa kwa suala hilohilo la umri, Zimbabwe wakachukua nafasi. Miaka kumi na mbili baadaye gurudumu liligeuka. Katika kufuzu kwa fainali za 2017 walishinda 3–2 Dar es Salaam, wakafungwa 1–0 Brazzaville, wakatolewa na Congo kwa mabao ya ugenini. Tanzania ikalalamika kuhusu umri wa mchezaji mmoja wa Congo. Shirikisho la Afrika, CAF, likaagiza apelekwe kupimwa. Hakupelekwa, na Congo ikaondolewa. Serengeti Boys wakapanda ndege kwenda Gabon. Tulishangilia sana, na sijui kama kuna aliyekumbuka 2005 siku hiyo. Labda mzee mmoja.

Kipimo chenyewe kinafaa kueleweka, maana watu hukitaja kana kwamba ni mashine inayotoa tarehe ya kuzaliwa. FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la mwaka 2009, Nigeria. Mchezaji huingiza mkono kwenye mashine ya MRI, ambayo hupiga picha kwa nguvu ya sumaku, bila mionzi. Daktari hutazama ncha ya mfupa wa mkono karibu na kiganja. Kwa mtoto anayekua, pale pana ukanda wa gegedu ambamo mfupa hurefuka. Kadiri anavyokomaa ukanda huo hugeuka mfupa mgumu, mpaka siku moja unafunga kabisa. Ukikuta umefunga kabisa, kuna uwezekano mkubwa sana kwamba mwenye mkono huo ameshapita miaka 17.

Uwezekano mkubwa, lakini si hakika. Wapo vijana wachache, chini ya mmoja katika mia, ambao mfupa hufunga mapema nao hawajadanganya mtu. Na wapo wengi zaidi wa miaka 18 au 19 ambao mfupa wao haujafunga, hao hupita mlangoni wakitabasamu. Kipimo hakisemi "wewe ulizaliwa lini". Kinasema "mkono wako unafanana na mikono ya watu wa umri fulani". Kwa mashindano ya chini ya miaka 20 hakisaidii kitu, kwa kuwa huko mifupa ya wengi imeshafunga kihalali.

Pamoja na hayo, tunakiunga mkono. Januari 2023 shirikisho la Cameroon, likiongozwa na Samuel Eto'o, liliwapima wachezaji wake wenyewe kabla ya mechi za kufuzu, na 21 kati ya 30 wakashindwa. Likawaondoa, likatafuta wengine. Hilo ni jambo la heshima na tungependa kuliona Dar, Nairobi na Kampala pia. Lakini jiulize, wale 21 walifikaje kambini? Kijana wa miaka 19 hajiandikii cheti. Kuna aliyemwona akicheza mtaani, kuna aliyemwambia "sasa wewe umezaliwa mwaka huu", kuna aliyegonga muhuri. Majina ya vijana husambaa kwenye simu ndani ya saa moja. Jina la aliyegonga muhuri ni nadra kulisikia. Utani wetu wa shikamoo hufanya kazi ileile: humcheka kijana aliye mbele ya kamera, na kumwacha mtu mzima aliyeko ofisini anywe chai yake.

Turudi kwenye Januari 1, maana hapa ndipo penye uzito.

Ofisa anayeandikisha familia kambini anahitaji siku, mwezi na mwaka. Fomu haikubali kitu kingine. Mama aliye mbele yake ana jibu, lakini halifanani na fomu. Mtoto alizaliwa tukiwa tunavuna mihogo. Alizaliwa mwaka tuliovuka ziwa. Alizaliwa usiku ule waliposhambulia soko. Kwa wakubwa zaidi: mwaka wa mvua za El Niño, wakati wa vita vya Kagera. Ofisa anakadiria mwaka, na kwa siku na mwezi anaandika Januari 1, kisha anamwita anayefuata. Ndiyo maana ukiuliza kwenye maghorofa ya Cedar-Riverside unaweza kukuta korido nzima ina siku moja ya kuzaliwa. Wenyewe huifanyia mzaha: mwaka mpya tunakata keki moja, tunaimbiana wote. Lakini tarehe hiyo humfuata mtu kwenye kadi ya ukaazi, leseni ya udereva, shule, benki, hadi kaburini. Kuibadilisha ni safari ya mawakili na karatasi, na karatasi ndizo hasa alizokosa.

Na mwaka nao ni wa kukadiria. Mtoto mmoja huandikwa mkubwa kuliko alivyo, mwingine mdogo. Wa kwanza hupelekwa darasa la wakubwa akahangaika na hesabu. Wa pili huonekana jitu katikati ya wenzake, na uwanjani ndiye anayepewa shikamoo. Hakuna kati yao aliyedanganya.

Kuna kitu kingine ambacho wengi wetu hatukuwa tumekigundua mpaka Julai. Mstari wa umri katika mpira wa vijana wa kimataifa ni Januari 1. Kwa Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la 2025, anayeruhusiwa ni aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 2008. Maana yake kila mkimbizi aliyeandikwa tarehe hiyo anakaa juu kabisa ya mstari, mahali ambapo mdanganyifu naye angependa kukaa. Kalamu ya ofisa wa kambi, bila kukusudia, imewaweka watoto hawa wote penye shaka. Sisi Julai tuliona tarehe tatu zinazofanana tukadhani tumemnasa mwizi.

Katika darasa la Kiswahili tulifundishwa kwamba shikamoo haihitaji cheti. Unamtazama mtu, unajua nani kakutangulia, unaamkia. Ukikosea, mkubwa hucheka na mdogo huona haya, basi. Lugha yetu ina neno rika, nalo ni la hekima kuliko kalenda. Rika lako ni wale mliokua pamoja, mliocheza pamoja, na kwa jamii nyingi mlioingia jandoni pamoja. Wakikuyu na Wameru wana neno la jamaa hiyohiyo kwa kundi la waliotahiriwa wakati mmoja. Katika rika moja mnaweza kupishana mwaka mmoja au miwili, na hakuna aliyewahi kuiona hiyo kuwa kashfa. Hatusemi FIFA iache kuhesabu miaka. Mashindano ya dunia lazima yawe na mstari, na penye mstari lazima pawe na wa kuulinda. Tunasema bonanza la Julai si FIFA, na hatuna sababu ya kuazima mstari wake.

Isitoshe, tuulize kwa nini watu wazima hudanganya. Hudanganya kwa sababu wanataka kombe sasa hivi. Michuano ya vijana iliwekwa ili kuwakuza wachezaji, lakini ukimhukumu kocha wa vijana kwa mabao ya wiki mbili, atatafuta wanaume. Hapa sisi mashabiki tuna deni.

Chukua 2019. Tanzania ilikuwa mwenyeji, michuano ikachezwa Uwanja wa Taifa na Chamazi. Mechi ya ufunguzi, Aprili 14, Serengeti Boys walifungwa na Nigeria 5–4. Mabao tisa! Wengi wetu tulikuwa bado sekondari, na aliyeitazama hajaisahau. Kisha wakafungwa 3–0 na Uganda, halafu 4–2 na Angola. Pointi sifuri, mabao kumi na mawili nyavuni, nyumbani, mbele ya watu wao. Matusi waliyopewa watoto wale hatuyarudii hapa. Lakini mmoja wao, Kelvin John, miaka miwili baadaye alisajiliwa na Genk ya Ubelgiji. Katika kikosi kilichokwenda Gabon mwaka 2017, ambacho kilitoka sare na Mali waliokuja kuwa mabingwa, kikawafunga Angola, kikafungwa na Niger na kurudi nyumbani, alikuwemo Dickson Job. Yeye amekuwa beki wa Yanga na wa Taifa Stars, na mwaka 2023 alikuwa katika timu ya Yanga iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ukitazama jedwali la 2017 utaona timu iliyotolewa hatua ya makundi. Ukitazama miaka sita mbele utaona kazi imefanyika.

Waganda wana kisa kizuri zaidi na kichungu zaidi. Mwaka 2021, nchini Mauritania, vijana wao wa chini ya miaka 20 walifika fainali ya Afrika. Nusu fainali waliichapa Tunisia 4–1, Derrick Kakooza akafunga mabao matatu, na alimaliza michuano akiwa mfungaji bora. Walifungwa fainali na Ghana 2–0. Kwa kawaida timu nne za kwanza huenda Kombe la Dunia. Mwaka ule Kombe la Dunia la vijana lilikuwa limefutwa kwa sababu ya korona. Walifuzu kwenda mahali ambapo hapakuwepo. Waliokuwa na miaka 20 wakati ule hawakuwa na nafasi ya pili, maana umri wa mpira haungoji. Ndiyo maana Uganda ilipopata tiketi ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la Qatar, kwa mara ya kwanza, katika michuano ileile ya Aprili tuliyokuwa tukiitazama tukila mandazi, Waganda wa chama chetu waliimba hadi mlinzi wa jengo akaja. Kabla yao eneo letu lilikuwa limepeleka Burundi kwenye michuano ya dunia ya chini ya miaka 20 mwaka 1995, na Rwanda kwenye ile ya chini ya miaka 17 mwaka 2011. Orodha si ndefu. Kila kijana anayepotea kwa sababu ya mtu mzima aliyechukua nafasi yake ni hasara, na kila kijana halali anayefukuzwa kwa sababu ana ndevu ni hasara hiyohiyo.

Sasa cheti. Nani atakileta? Watoto waliozaliwa hapa watakileta, wazazi watakitoa kwenye droo. Watoto wa Nairobi wengi watakileta. Wa Unguja na Pemba pia, maana Zanzibar wamekuwa waangalifu kwa usajili wa vizazi kuliko bara. Waliozaliwa njiani kati ya Kivu na Kigoma hawatakileta. Wengi wa waliotoka Kakuma na Dadaab hawatakileta, au watakileta kimeandikwa Januari 1, nasi tutarudi kukitilia shaka kama tulivyofanya. Tutakuwa tumeandaa bonanza la Afrika Mashariki ambalo wakimbizi wa Afrika Mashariki wanalitazama wakiwa nje ya uzio. Na yule aliyetaka kudanganya kweli? Huyo cheti anacho. Guinea nao walikuwa na pasipoti.

Tunachopendekeza sisi ni darasa. Watoto wacheze kwa darasa wanalosoma: la sita na la saba pamoja, la nane na la tisa pamoja. Kila kocha alete barua fupi ya shule. Anayeona mchezaji hafai aandike malalamiko kabla ya siku ya bonanza, atie saini, na kamati iyasikilize faraghani bila mtoto kusimamishwa mbele ya watu. Siku yenyewe hakuna malalamiko ya umri kutoka kando ya uwanja, na mzazi anayepiga kelele za aina hiyo atoke yeye, timu ibaki. Mtoto akionekana mkubwa mno kwa kundi lake, apandishwe kundi la juu. Asifukuzwe.

Mtu atatuambia, na amekwisha kutuambia, kwamba darasa lenyewe hupangwa kwa tarehe ileile ya kambi. Ni kweli. Hatujagundua dawa. Lakini darasani mtoto hukaa saa saba kila siku na wenzake, mwalimu anamjua, wanamjua, ameshakuwa wa rika lao hata kama fomu ilikosea mwaka. Na hatuko peke yetu katika njia hii: mashirika makubwa ya soka ya vijana hapa Marekani yameamua kwamba kuanzia msimu wa 2026–27 makundi ya umri yatahesabiwa Agosti 1 hadi Julai 31, badala ya mwaka wa kalenda, kusudi watoto wanaosoma pamoja waweze kucheza pamoja. Wao hawakufikiria wakimbizi walipoamua hivyo. Sisi tunaweza kufikiria.

Wapo pia wanaosema bonanza litapoteza heshima, kwamba timu fulani itakuja na majitu. Inawezekana. Mwaka mmoja tutafungwa na timu ya majitu na tutarudi nyumbani tumenuna. Tumepima hilo na uso wa kocha yule akikunja jezi, na tunajua tungependa kubeba lipi.

Barua ya pili kwa timu ya Saint Paul imeandikwa tayari. Haiombi radhi tena, inawaalika Julai, na inaeleza kanuni mpya. Hatuwezi kuituma kabla chama hakijapiga kura, kwa sababu hatutaki kuahidi kitu kisha tukakivunja mara ya pili. Mwenzetu wa Nyarugusu ameisoma. Alibadilisha maneno mawili, akatuambia Kiswahili chetu kina Kiingereza ndani yake, akauliza kama safari hii mandazi yatatosha.

Mkutano ni Alhamisi ya pili ya mwezi, saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, yaani saa sita mchana usiihesabu. Waliozoea saa za Kizungu waje saa 6:00 jioni. Walio na hoja ya kuunga mkono cheti waje nayo, tutawasikiliza. Chumba ni kilekile.